"Bekapu Ipo, Bosi": Kweli au Si Kweli?

Umeshaisikia, usijifanye mgeni. Bosi anasimama mlangoni, funguo za gari mkononi, anauliza: "Vijana, bekapu ipo?" Chumba kizima kinaitikia kama kwaya: "Ipo, bosi." Bosi anaondoka zake. Hajauliza iko wapi, ni ya lini, wala kama kuna mtu aliyewahi kuifungua.

Zamani swali hilo lilikuwa jepesi, seva ilipokuwa boksi moja la chuma chini ya meza. Siku hizi boksi moja linabeba mashine pepe kumi au ishirini, VM kama mafundi wanavyoziita, na ndani ya mojawapo imelala kanzidata ya mauzo, ya mishahara au ya wagonjwa. Kupanga bekapu kumekuwa kazi ya kubofya: chagua mashine, chagua saa, maliza. Wepesi huo ndio uliozaa imani nyingi za vijiweni. Nimekusanya zile ninazokutana nazo mara kwa mara, tuzipime.

"Tumebekapu mashine nzima, kwa hiyo kanzidata imo."

Nusu kweli. Imo, lakini huenda imo kama mtu aliyepigwa picha katikati ya chafya.

Chukua duka la Mangi mtaani kwenu. Mteja kaagiza kilo mbili za sukari. Mangi ameshazipima na kumkabidhi, noti ya elfu kumi bado iko kati ya mikono miwili, na daftari halijaandikwa kitu. Piga picha hapohapo. Kwenye picha hiyo sukari imetoka, hela haijaingia, daftari halijui lolote. Ukija kulijenga duka upya kwa kuitazama picha hiyo, mahesabu hayatafunga na Mangi ataitwa mwizi bure.

Kanzidata nayo ina noti zake zilizo njiani kila nukta: miamala iliyo kwenye RAM ambayo haijashuka diskini. Mfumo unaonakili mashine pepe kutoka nje hauoni RAM, unaona diski tu. Nakala ya namna hiyo ni sawa na diski ya kompyuta iliyochomolewa umeme ghafla. Kwa haki, kanzidata za leo zimefundwa kuamka kutoka hali hiyo. PostgreSQL, SQL Server na MySQL ya aina ya InnoDB huandika badiliko kwenye logi kwanza, kabla ya kuligusa jedwali lenyewe. Zikiwaka upya huisoma logi, zikamalizia yaliyokamilika na kutengua yaliyoishia njiani. Majedwali ya MySQL ya aina ya zamani, MyISAM, hayana kipaji hicho.

Hata zenye kipaji zina sharti: diski zote zipigwe picha kwa nukta moja. Fundi makini huweka data kwenye diski yake na logi kwenye diski nyingine. Picha ya kwanza ikipishana na ya pili kwa sekunde chache tu, umepata duka la saa nne na daftari la saa nne na kidogo, na vitu hivyo viwili havielewani.

Dawa ipo, nayo ni kuiambia kanzidata itulie kidogo kabla ya picha. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na huduma iitwayo VSS: inaibishia hodi SQL Server, uandishi unasimama kitambo, picha inapigwa, biashara inaendelea. Kwenye Linux mara nyingi utaandika mwenyewe skripti ya kabla na skripti ya baada. Kisha soma ripoti ya bekapu yako hadi mwisho. Kuna sehemu inayosema kama nakala ilichukuliwa kwa kushirikiana na programu iliyo ndani au ilikuwa picha ya diski tu. VSS ikigoma, mifumo mingine huendelea na picha ya diski bila kupiga kelele, inaacha onyo dogo ambalo hakuna anayelisoma.

"Snapshoti si ndiyo bekapu yenyewe?"

Si kweli, na VMware, watengenezaji wa programu ya mashine pepe, wenyewe wanakuambia hivyo. Snapshoti yao hainakili diski. Inaigandisha diski ya asili na kuanza kuandika mabadiliko mapya kwenye faili la pembeni. Diski ya asili ikiharibika, hilo faili la pembeni ni ghorofa ya pili isiyo na ya kwanza. Ushauri wao ni kutokaa na snapshoti moja zaidi ya saa 72, maana faili linavimba, mashine inazidi kuwa nzito, na siku ya kuliunganisha na diski kanzidata yenye shughuli nyingi inaweza kuganda wateja wakiwa kwenye foleni. Itumie kabla ya kusasisha programu, ukiridhika ifute siku hiyohiyo. Nimewahi kukuta snapshoti yenye jina "ya muda" ikiwa na umri wa miezi kumi na minne.

"Bekapu kamili ya kila usiku inatosha."

Si kweli, isipokuwa kazi yako ni ya aina ambayo siku nzima ikipotea hakuna atakayelia. Na hapa wahenga walituwahi. Mali bila daftari hupotea bila habari: kweli tupu, na sijaona ushauri wa kanzidata unaozidi huo.

Niliwahi kuitwa kwenye kampuni moja ya kusambaza vinywaji, Jumatatu saa tatu asubuhi, magari yamepanga foleni getini na mfumo hautoi ankara. SQL Server ilikuwa inalalamika kosa namba 9002, yaani logi imejaa. Kanzidata yenyewe ilikuwa na GB 12. Logi ilikuwa na GB 180, imekula diski yote. Fundi wao alishangaa kweli: "Lakini bekapu kamili inafanyika kila usiku!" Ilifanyika, tena vizuri. Ila kanzidata ilikuwa imewekwa kwenye hali ya kutunza logi yote, na katika hali hiyo bekapu kamili haipunguzi logi hata kidogo. Inayopunguza ni bekapu ya logi yenyewe, na hiyo hakuna aliyewahi kuipanga.

Kabla sijafika, kijana mwingine alikuwa ameshapata suluhisho: alibadilisha hali ya kanzidata kuwa ile ya kutotunza logi. Nafasi ikapatikana, magari yakaondoka, akapongezwa. Alhamisi ya wiki hiyohiyo, alasiri, mtu akarekebisha bei ya kreti moja na kusahau kuandika WHERE, sehemu inayotaja ni bidhaa ipi, kwenye amri yake. Bidhaa zote zikawa na bei moja, na madeni yakafuata. Logi ingekuwepo tungeirudisha kanzidata hadi dakika moja kabla ya amri ile. Kwa kuwa haikuwepo, tulirudi saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi, na mama mhasibu akaanza kuingiza upya risiti za siku nzima, moja baada ya nyingine, miwani ikiwa puani. Mtunzie nafasi mama huyu, tutarudi kwake.

Mpangilio ambao wengi hutulia nao ni huu: bekapu kamili mara moja kwa wiki, siku nyingine bekapu ya tofauti inayobeba yaliyobadilika tangu ile kamili, na logi kila baada ya dakika chache. Azure Backup, huduma ya bekapu ya wingu la Microsoft, kwa mfano, kwa SQL Server iliyo ndani ya mashine pepe inakuruhusu kupanga logi hadi kila dakika 15. Kwenye PostgreSQL kazi hiyo ni ya faili za WAL, yaani logi yake, zinazohamishwa kila moja inapojaa. Ukiwa na bekapu ya msingi na mfululizo wa WAL usiokatika, unachagua dakika unayotaka kurudi. Ukikatika katikati, yaliyo mbele ya pengo hayakufai kitu.

"Programu mbili za bekapu ni salama kuliko moja."

Si kweli zikiwa hazijuani. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mfumo wa bekapu ya mashine pepe ukinakili logi na kuikata usiku, na skripti ya msimamizi wa kanzidata nayo ikafanya hivyohivyo mchana, mfululizo mmoja wa logi umegawanyika sehemu mbili, na siku ya shida kila upande una nusu ya hadithi. Bekapu ya tofauti nayo hupotea njia, kwa sababu huhesabu kuanzia bekapu kamili ya mwisho, hata kama hiyo ilichukuliwa na yule mwingine. Mmoja awe nahodha wa logi. Wa pili, akitaka kunakili SQL Server, atumie bekapu ya nakala tu, ambayo haigusi mfululizo wa mwenzake.

"Saa nane usiku ndiyo saa salama."

Nusu kweli. Watu wamelala, lakini kazi za kufunga hesabu za siku zimeamka, na mashine pepe kumi na tano zikianza kunakiliwa kwa pamoja kwenye hifadhi moja, zote zinatambaa. Zipishanishe.

Kosa la kuchekesha zaidi ni la kwetu wenyewe. Meneja anasema "saa nane", fundi aliyezoea saa za Kizungu anaandika 08:00, na bekapu nzito inaanza saa mbili asubuhi, wateja wanapofungua mlango. Mwingine anaandika 02:00 kwa usahihi kabisa, ila mfumo wa wingu unahesabu kwa saa za UTC, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Bekapu yake inaanza saa kumi na moja alfajiri na ikichelewa inakutana na zamu ya asubuhi. Andika saa, taja usiku au mchana, taja majira ya wapi. Haya mambo madogo yanaudhi kwa sababu hayaonekani popote kama kosa.

"Tuna replika, hatuna haja ya bekapu."

Si kweli. Replika, yaani seva pacha inayofuata kila badiliko la seva kuu, ni mtiifu mno. Ukifuta jedwali kwenye seva kuu, replika nayo inalifuta ndani ya sekunde, kwa uaminifu uleule. Inakuokoa seva ikiungua. Mkono wa binadamu ukiteleza, haikusaidii.

"Akiba haiozi."

Kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri, pengine. Kwa bekapu, si kweli, na nasema hivyo kwa heshima zote. Bekapu huoza kimyakimya, huku skrini ikionyesha tiki ya kijani.

Kisa ninachokipenda ni cha GitLab, huduma ya kutunza msimbo wa programu, kwa sababu walikieleza wenyewe hadharani bila kuficha. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi aliyechoka alikuwa akihangaika na replika ya PostgreSQL iliyogoma. Akaamua kufuta folda ya data ya replika ili aanze upya. Amri akaiandika kwenye dirisha la seva kuu. Alipogundua na kuizuia, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5.

Basi, twende kwenye bekapu. Walikuwa na njia tano za kunakili na kurudufu data. Hifadhi ya bekapu za kila siku kwenye wingu ilikutwa tupu: programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati kanzidata ni ya 9.6, hivyo ilikuwa inashindwa kila siku. Barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinatumwa, ila zinakataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji, na hakuna aliyejua. Snapshoti za diski za Azure hazikuwa zimewashwa kwa seva za kanzidata. Kilichowaokoa ni snapshoti ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Yaliyoingia ndani ya saa hizo sita yalipotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, na akaunti mpya zipatazo 700. Urejeshaji wakaurusha mubashara YouTube, dunia ikitazama.

Ona kwamba kwenye karatasi njia zilikuwa tano. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua ghala na kupiga jicho ndani. Kwenye mashine pepe udhuru wa kutofanya hivyo ni mdogo sana, kwa sababu kuunda mashine ya majaribio ni kazi ya dakika chache. Mara moja kwa mwezi, rejesha bekapu kwenye mashine iliyotengwa na mtandao wa kazi, iwashe kanzidata, hesabu miamala ya jana, uliza jumla ya mauzo na uilinganishe na ripoti ya mhasibu. SQL Server ina amri ya kuhakiki faili la bekapu bila kulirejesha, nayo ni nzuri, lakini inakuambia tu kwamba faili linasomeka. Kama mahindi ya ndani yana funza, utajua ukiyamimina: rejesha, kisha endesha DBCC CHECKDB, amri inayokagua kanzidata yenyewe. Shika pia saa na uone urejeshaji umechukua muda gani. Namba hiyo ndiyo bosi anayostahili kuambiwa pale mlangoni.

"Iko kwenye wingu, wataitunza wao."

Si kweli. Wao wanatunza jengo na mitambo. Data ni yako na sera ni yako. Na jengo lenyewe ni jengo tu. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud kilichoko Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto, na kuna wateja waliogundua asubuhi ile kwamba bekapu zao zilikuwa palepale penye seva zao. Mwaka 2014 kampuni ya Code Spaces haikuhitaji hata moto. Mvamizi aliingia kwenye akaunti yao ya Amazon, akafuta mashine, diski, snapshoti na bekapu, kwa kuwa zote zilifunguliwa kwa funguo za akaunti moja. Kampuni ilifunga. Ndiyo maana huduma nyingi sasa zina kinga dhidi ya kufutwa: kwenye Azure Backup bekapu iliyofutwa hubaki angalau siku 14 kabla ya kuondoka kabisa. Hakikisha imewashwa, na funguo za bekapu zisiwe mkononi mwa mtu yuleyule mwenye funguo za seva.

Kwetu kuna swali la ziada. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikawa ya kubahatisha. Kama bekapu yako pekee iko Johannesburg au Ulaya na seva yako iko Dar es Salaam, siku kama hiyo una bekapu usiyoweza kuifikia. Hata nyaya zikiwa nzima, piga hesabu: GB 500 kwenye laini ya megabiti 50 kwa sekunde zinachukua zaidi ya saa 22 kushuka, endapo hakuna mwingine anayeitumia laini hiyo. Nakala moja ikae karibu, kwa ajili ya haraka, na nyingine ikae mbali kwa ajili ya moto.

"Wale wazee wa tepu walipitwa na wakati."

Si kweli. Wazee waliokuwa wakitoa tepu kila Ijumaa na kuipeleka kwenye sefu ya benki walikuwa sahihi kwa jambo kubwa: nakala isiyounganishwa na mtandao, hakuna virusi vinavyoweza kuifikia. Tarehe 27 Juni 2017 shambulio la NotPetya liliifagia kampuni ya meli ya Maersk. Bekapu za seva nyingi walikuwa nazo. Walichokosa ni bekapu ya seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, seva takriban 150 duniani kote. Zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, wakaona inatosha, zikafutwa zote. Zote isipokuwa moja, huko Ghana, ambayo kabla ya shambulio ilikuwa imezimika kwa sababu umeme ulikatika. Mtandao wa kule ulikuwa mdogo mno kutuma data hiyo, kwa hiyo diski ilipanda ndege kwenda Nigeria, ikakabidhiwa mtu mwingine uwanjani, ikafika Uingereza. Sisi tunaokulaani kukatika kwa umeme tuna neno la kujibu hapo.

Leo si lazima iwe tepu. Inaweza kuwa hifadhi iliyofungwa isibadilishwe wala kufutwa hadi muda wake uishe, hata na msimamizi mkuu.

Na wale wa "tunza kila kitu milele"? Si kweli. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zote zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, hazitaki taarifa za mtu zikae kupita hitaji lake. Tunza logi wiki chache, bekapu za mwezi mwaka mmoja, bekapu za mwaka kwa miaka ambayo sheria inadai, kisha ziondoke.

"Sera ya bekapu ni kazi ya watu wa IT."

Si kweli, na hili nililijifunza kwenye kampuni ileile ya vinywaji. Baada ya wiki ile ya aibu, kikao kilijaa mafundi, kila mmoja na ratiba yake: saa moja, saa sita, usiku tu. Mabishano yalikwenda hadi chai ikapoa. Mwishowe mtu akamgeukia mama mhasibu, aliyekuwa amekaa pembeni na rundo la risiti, akamuuliza: "Mama, mfumo ukianguka, kazi ya muda gani unaweza kuirudia kwa mkono?"

Hakufikiria sana. "Ya robo saa, naimaliza kabla ya chai. Ya siku nzima mlinifanyisha juzi, na sirudii tena."

Tukaandika dakika 15.